Kuivunja 18,446,744,073,709,551,615 kwa karatasi na kalamu: shajara ya mradi, Ujiji

Namba ya mradi huu ina tarakimu 20. Ukiitamka ni trilioni 18,446,744, bilioni 73, milioni 709, elfu 551, na 615. Kwa kifupi ni 2⁶⁴ − 1, yaani mbili 64 zikizidishwa zenyewe kwa zenyewe, kisha ukatoa moja. Ndiyo jumla ya punje katika kisa cha ubao wa sataranji: punje moja kwenye mraba wa kwanza, mbili kwenye wa pili, nne kwenye wa tatu, hadi mraba wa 64. Al-Biruni, mwanazuoni wa Asia ya Kati, aliikokotoa yote, tarakimu kwa tarakimu, yapata mwaka 1000. Leo imo ndani ya kila simu mpya, kwa sababu ndiyo namba kubwa kuliko zote inayoandikika kwa biti 64, yaani nafasi 64 ambazo kila moja ni 0 au 1.

Kazi inafanyika Ujiji, barazani kwa mwalimu mstaafu wa hisabati ambaye mtaa mzima humwita Mwalimu. Yumo mpwa wangu wa kidato cha tatu na wenzake wa darasani, na mimi mwenye duka la steshenari. Tunataka kuivunja namba hii mpaka vigawo vyake tasa, yaani vile visivyogawanyika ila kwa 1 na kwa vyenyewe, na kila hatua iwe na uthibitisho ambao mwanafunzi wa kidato cha tatu anaweza kuurudia kwa mkono wake. Kikokotoo cha tarakimu kumi kinaruhusiwa. Kanuni ambayo hatuwezi kuelezana wenyewe hairuhusiwi, hata kama iko kwenye kila kitabu. Jibu lipo mtandaoni na atakayelitaka atalipata papo hapo. Sisi tunatafuta njia, na tunaiandika hapa ili mwingine aifuate.

8 Februari 2025: Vifaa vinakataa

Tulianza na kikokotoo cha shuleni. 2³³ kinaionyesha kamili: 8,589,934,592, tarakimu kumi barabara. Ukizidisha kwa mbili mara moja zaidi unapata namba ya tarakimu 11, na hapo kinaanza kukata. Kwa 2⁶⁴ kinatoa 1.844674407 × 10¹⁹. Ukitoa moja, kioo hakibadiliki hata kidogo.

Tukahamia programu ya majedwali kwenye kompyuta ya dukani. Tulipoichapa namba yetu kwa mkono, ikageuka 18446744073709500000. Tulipoiomba ikokotoe 2⁶⁴ yenyewe, ikaandika 18446744073709600000. Majibu mawili tofauti, yote yanaishia na sifuri, na hakuna onyo lolote kwenye skrini. Wanafunzi walishtuka kweli, maana namba zinazotoka kwenye kompyuta huwa hawazihoji.

Sababu tuliipata jioni. Programu ya namna hii huhifadhi namba kwa tarakimu 15 tu za maana. Na namba zenyewe hutunzwa kwa mtindo ambao uhakika wake unakoma kwenye 2⁵³, yaani 9,007,199,254,740,992. Ukivuka hapo si kila namba nzima ina nafasi yake, na namba mbili jirani huweza kuangukia mahali pamoja. Kwa mashine hiyo, 2⁶⁴ na 2⁶⁴ − 1 ni kitu kimoja. Kwetu hilo ni tatizo kubwa, kwa sababu ile moja ndiyo mradi wenyewe: 2⁶⁴ haina kigawo tasa kingine zaidi ya 2, lakini ukitoa moja inakuwa namba nyingine kabisa.

Zipo programu zinazobeba tarakimu zote, nasi tunazijua. Tumeziacha kwa makusudi mpaka mwisho.

Gharama: kaunta buku 4,000, bando 1,000.

22 Februari: Namba yenyewe, kwa njia mbili

Njia ya kwanza ni kuzidisha kwa mbili mstari kwa mstari kwenye karatasi za manila. Ni kazi nyepesi. Kila mstari tuliukagua kwa kutupa tisa: unajumlisha tarakimu zote, unagawa kwa 9, unaangalia baki. Baki za vipeo vya mbili hujirudia 2, 4, 8, 7, 5, 1, kisha zinaanza upya. Anayesahau moja ya kubeba anaonekana hapohapo.

Njia ya pili ni ya Mwalimu. 2⁶⁴ ni 2³² mara 2³², na 2³² ni 4,294,967,296. Ikate katikati: 42949 na 67296. Sasa kila zidisho linaenea kwenye kikokotoo:

42949 × 42949 = 1,844,616,601
42949 × 67296 = 2,890,295,904, na mara mbili yake 5,780,591,808
67296 × 67296 = 4,528,751,616

Zao la kwanza lisogeze nafasi kumi kushoto, la kati nafasi tano, la mwisho libaki palipo, kisha jumlisha kwa mkono. Inatoka 18,446,744,073,709,551,616.

Manila ilitoa namba nyingine. Tarakimu zilikuwa zilezile ishirini kwa idadi, na jaribio la tisa lilipita kila mstari kuanzia juu hadi chini, lakini namba haikuwa hiyo.

Hapa pana somo la kuigwa na yeyote atakayerudia kazi hii, hivyo naandika kwa kirefu. Jaribio la tisa halioni tarakimu zilizobadilishana nafasi, kwa sababu jumla yake haibadiliki. Linaloziona zikipishana na jirani ni jaribio la kumi na moja: anza kulia, jumlisha ya kwanza, toa ya pili, jumlisha ya tatu, na kuendelea, kisha tafuta baki ya 11. Kwa vipeo vya mbili baki hizi hujirudia kila baada ya hatua kumi: 2, 4, 8, 5, 10, 9, 7, 3, 6, 1.

Hatukukagua mistari yote 64. Tulikagua wa 32: sawa. Wa 48: si sawa. Tukarudi katikati, wa 40: sawa. Wa 44: si sawa. Wa 42 na wa 43: sawa. Basi kosa liko kati ya 43 na 44. Mstari wa 44 unatakiwa kuwa 17,592,186,044,416, na kwenye manila ulisomeka 17,592,180,644,416. Sita na sifuri zilipishana wakati wa kunakili kutoka kwenye daftari la majaribio. Ukaguzi wa mistari sita ulitosha.

Tukafuta kuanzia 44 kwenda chini na kuandika upya kwenye manila mpya. Safari hii njia mbili zikakutana. Toa moja: …551,615. Jumla ya tarakimu ni 87, kwa hiyo inagawanyika kwa 3, haigawanyiki kwa 9.

Gharama: manila tatu 2,100, maka peni mbili 2,000.

1 Machi: Nusu ya kwanza inaanguka yenyewe

Hatua hii ni fupi kwa sababu umbo la namba linafanya kazi yote. Kila mwanafunzi wa kidato cha pili anaijua tofauti ya vipeo viwili vya pili: a² − b² = (a − b)(a + b). Namba yetu ni kipeo cha pili cha 2³² ukitoa kipeo cha pili cha 1. Basi:

2⁶⁴ − 1 = (2³² − 1)(2³² + 1)

Mabano ya kushoto nayo ni ya umbo lilelile, na ya kushoto kwake tena, hadi chini kabisa. Mwishowe:

2⁶⁴ − 1 = 3 × 5 × 17 × 257 × 65,537 × 4,294,967,297

Mpwa wangu aliweka kalamu chini na kusema, “Mjomba, kumbe tulikuwa tunaiogopa bure.” Mwalimu akamjibu kwamba woga wake una sababu, ila uko kwenye namba ya mwisho kulia.

3, 5, 17 na 257 ni tasa. Hizo kila mtu alizihakiki kwa kichwa. 65,537 na 4,294,967,297 zinahitaji kazi.

8 Machi: Kugawa kwa kufuatana, na kwa nini tuliacha

Ramadhani imeanza, kwa hiyo tunakutana baada ya tarawehe. Uji wa futari unaobaki kwa Mwalimu hautupwi.

Njia ya kawaida ya kuhakiki kama namba ni tasa ni kuigawa kwa namba tasa zote mpaka kufikia kipeuo chake cha pili. Kwa 65,537 kipeuo ni 256 na kidogo sana, na chini ya hapo namba tasa ni 54. Inawezekana. Kwa 4,294,967,297 kipeuo ni 65,536 na ushei, na namba tasa chini ya hapo ni 6,542. Wanafunzi waligawana: huyu kuanzia 3, yule kuanzia 101, mwingine kuanzia 211. Usiku ule ulikwisha bila hata kigawo kimoja, na orodha ya namba tasa yenyewe ilianza kuwa na mashaka, maana ilibidi tuitengeneze wenyewe.

Mwalimu ndipo akatuambia historia ya namba hii. Fermat, Mfaransa wa karne ya 17, alitazama 3, 5, 17, 257 na 65,537, yaani 2 yenye kipeo 1, 2, 4, 8 na 16 ukiongeza moja, akaamini kwamba kila namba ya namna hiyo ni tasa, pamoja na 4,294,967,297. Hakuwa na uthibitisho. Karibu karne nzima ikapita. Mwaka 1732 Euler, mwanahisabati Mswisi, akapata kigawo chake. Hakugawa kwa namba elfu sita. Aliona kwamba kigawo cha namba hii hakiwezi kuwa namba yoyote tu, kwamba lazima kiwe cha umbo fulani. Umbo hilo ndilo tunalolitafuta. Kugawa kumesimama.

15 Machi: Safu za kumi na saba

Kanuni inasema: namba tasa inayogawa 2³² + 1 lazima ibakize 1 ukiigawa kwa 64. Yaani ni 65, 129, 193, 257 na kuendelea, ukichuja zisizo tasa.

Jaribio la kwanza la kuieleza lilishindikana. Mwalimu alitumia lugha ya kitabu, na wanafunzi wakaitikia kwa adabu, lakini alipowaomba wairudie hakuna aliyeweza. Kwa sharti letu tusingeweza kuitumia. Kilichofanikiwa ni kuacha namba kubwa na kuandika baki za 17, ambayo ni 2⁴ + 1.

Anza na 1, zidisha kwa 2, na kila ukivuka 17 toa 17:

1, 2, 4, 8, 16, 15, 13, 9, kisha inarudi 1.

Mzunguko una namba nane. Sasa chukua namba ndogo ambayo haimo, yaani 3, uianze nayo:

3, 6, 12, 7, 14, 11, 5, 10, kisha inarudi 3.

Nane tena, na hakuna hata moja iliyojirudia kutoka safu ya juu. Safu mbili za nane zimemaliza namba zote 16 kuanzia 1 hadi 16. Hiyo si bahati. Safu ya pili ni safu ya kwanza iliyozidishwa kwa 3, kwa hiyo lazima ilingane nayo kwa urefu. Na safu mbili zikikutana kwenye namba moja, basi zinaendelea pamoja kuanzia hapo, kwa hiyo ni safu ileile. Ndiyo maana urefu wa mzunguko hugawa 17 − 1 bila baki. Tulirudia na 31: 1, 2, 4, 8, 16, mzunguko wa tano, safu sita, jumla 30. Mtoto wa darasa la saba aliyekuwa amekaa pembeni aliijaza safu ya nne ya 31 kabla ya wakubwa wake.

Sasa rudi kwenye namba kubwa. Ikiwa namba tasa p inagawa 2³² + 1, basi 2³² ukiigawa kwa p ni kasoro moja, yaani imepungukiwa moja tu ili igawanyike. Ukizidisha kasoro moja kwa kasoro moja unapata moja, kwa hiyo 2⁶⁴ inabakiza 1. Mzunguko umefungika kwenye 64, lakini kwenye 32 ulikuwa haujafungika. Urefu unaogawa 64 bila kugawa 32 ni 64 wenyewe tu. Na urefu hugawa p − 1. Kwa hiyo p − 1 ni kigawe cha 64. Kila mmoja aliielezea kwa zamu, na Mwalimu akaikubali itumike.

Gharama: kopi za karatasi za miraba 1,000.

16 Machi: 641

Kwanza 65,537, ambayo ni 2¹⁶ + 1. Kwa hoja ileile, vigawo vyake vinabakiza 1 kwa 32. Mpaka 256 ni 33, 65, 97, 129, 161, 193, 225, na tasa ni mbili tu: 97 na 193. Baki ni 62 na 110. Basi 65,537 ni tasa. Namba 54 za kujaribu zimekuwa mbili.

Kisha 4,294,967,297. Orodha ni 65, 129, 193, 257, 321, 385, 449, 513, 577, 641… Tasa za kujaribu kwa mpangilio: 193, 257, 449, 577, 641. Hatukuigawa namba yote. Tulitafuta baki ya 65,536, tukaizidisha kwa yenyewe, tukatafuta baki tena, tukaongeza 1. Kwa 193 inabaki 109. Kwa 257 inabaki 2. Kwa 449 inabaki 325. Kwa 577 inabaki 288. Kwa 641: 65,536 inabakiza 154, 154 × 154 ni 23,716, toa 641 mara 36, inabaki 640, ongeza 1, inakuwa 641 yenyewe.

Inagawanyika. 641 × 6,700,417 = 4,294,967,297. Tulizidisha kwa mkono kurudi nyuma na ikakubali.

Mwalimu alikuwa ameficha uthibitisho mwingine hadi tumalize, nao unastahili kuandikwa wote. 641 ni 5 × 128 + 1, na pia ni 625 + 16. Kutoka la kwanza: 5 × 2⁷ ni kasoro moja kwa 641. Ipandishe kipeo cha nne: 5⁴ × 2²⁸ inabakiza 1. Kutoka la pili: 5⁴, yaani 625, ni kasoro 16, na 16 ni 2⁴. Badilisha: kasoro ya 2⁴ × 2²⁸, yaani kasoro ya 2³², inabakiza 1. Kwa hiyo 2³² yenyewe ni kasoro moja, na ukiongeza moja haibaki kitu. Hakuna kugawa hata mara moja. Nimeinakili kwenye ukuta wa duka, juu ya mashine ya kopi, na wateja wameanza kuuliza ni nini.

5 Aprili: Je, 6,700,417 ni tasa?

Idd imepita, tumerudi mchana.

Mwanafunzi mmoja alipendekeza tuihesabu kuwa ni tasa kwa kuwa haigawanyiki kwa namba zote ndogo alizojaribu. Tulikataa, kwa sababu Fermat naye aliamini kwa mtindo huo.

Kipeuo chake kiko kati ya 2,588 na 2,589. Kigawo chochote cha 6,700,417 ni kigawo cha 2³² + 1 pia, kwa hiyo sharti la 64 linaendelea. Zilizo chini ya 641 zimeshatoka wiki zilizopita. Kutoka 641 hadi 2,588, namba zinazobakiza 1 kwa 64 ni thelathini na kitu. Kuzichuja ndiko kulikochukua muda, kwa sababu baadhi zina sura ya tasa: 1,793 ni 11 × 163, 2,369 ni 23 × 103, 2,561 ni 13 × 197. Baada ya kuchuja zilibaki saba, na baki zake ni hizi:

641 inabakiza 44. 769 inabakiza 120. 1,153 inabakiza 334. 1,217 inabakiza 832. 1,409 inabakiza 622. 1,601 inabakiza 232. 2,113 inabakiza 94.

Hakuna sifuri. 6,700,417 ni tasa, na namba ya mradi imevunjika yote:

18,446,744,073,709,551,615 = 3 × 5 × 17 × 257 × 641 × 65,537 × 6,700,417

Vigawo tasa saba, hakuna kilichojirudia. Kila kimoja kinaweza kuwamo au kutokuwamo, kwa hiyo namba ina vigawo 2 × 2 × 2 × 2 × 2 × 2 × 2, yaani 128 ukijumlisha 1 na yenyewe.

12 Aprili: Mchele

Wanafunzi walitaka kujua kisa cha sataranji kingekuwa na uzito gani. Mizani ya dukani haikufaa, maana punje elfu moja haziigusi vizuri. Sonara mmoja wa Mwanga alitukubalia mizani yake ya dhahabu, na punje 1,000 za mchele zikaja gramu 20 na kidogo. Kwa gramu 20, ubao mzima ni tani bilioni 369 hivi. Dunia nzima huzalisha mchele tani milioni mia tano na kitu kwa mwaka. Ni mavuno ya karibu karne saba.

26 Aprili: Pembetatu nyeusi na nyeupe

Tuliirudia nusu ya chini, 2³² − 1 = 4,294,967,295 = 3 × 5 × 17 × 257 × 65,537, kwa sababu ya jambo moja analolipenda Mwalimu kuliko mengine. Mwaka 1796 Gauss, mwanahisabati Mjerumani, akiwa hajatimiza miaka 19, alionyesha kwamba umbo lenye pande 17 sawa linaweza kuchorwa kwa rula na bikari tu. Mwaka 1837 Wantzel, Mfaransa, akakamilisha upande wa pili: kwa pande za idadi witiri, huwezi isipokuwa idadi hiyo ni zao la namba tasa za Fermat zisizojirudia. Zinazojulikana hadi leo ni zile tano, 3, 5, 17, 257 na 65,537. Kwa hiyo maumbo yote ya pande witiri yanayojulikana kuchorwa ni vigawo vya 4,294,967,295 ukiacha 1. Ni 31. La pande 641 halimo, kwa kuwa 641 si namba ya Fermat.

Vigawo hivyo 31 vinajitokeza vyenyewe kwenye pembetatu ya Pascal, ambayo kila namba yake ni jumla ya mbili zilizo juu yake na kingoni ni 1 tupu, ukiweka nyeusi kwenye namba witiri na nyeupe kwenye shufwa, kisha ukasoma kila mstari kama namba ya biti, nyeusi ikiwa 1 na nyeupe 0. Jaribio la kwanza lilikwama kwenye mistari ya ishirini na kitu, kwa sababu tulikuwa tunaandika namba zenyewe, na katikati ya mstari wa 31 kuna 300,540,195. Miraba ya karatasi haitoshi. Tiba yake ni kuacha namba kabisa: nyeusi na nyeusi juu hutoa nyeupe chini, nyeupe na nyeupe hutoa nyeupe, zikitofautiana hutoa nyeusi. Kwa kanuni hiyo watoto wawili walimaliza kwa saa moja. Chini ya ncha, mistari inasomeka 3, 5, 15, 17, 51, 85, 255, 257, na kuendelea mpaka wa 31, ambao ni mweusi wote mwanzo hadi mwisho: 4,294,967,295.

Gharama: manila mbili 1,400. Jumla mpaka leo shilingi 11,500.

10 Mei: Jirani wa juu

Ukiongeza 2 kwenye namba ya mradi unapata 18,446,744,073,709,551,617, yaani 2⁶⁴ + 1. Hii nayo ni ya Fermat, na Landry, Mfaransa, aliivunja mwaka 1880 akiwa mzee wa miaka 82. Kwa hoja ya safu, vigawo vyake vinabakiza 1 kwa 128. Kigawo kidogo ni 274,177, ambacho ni 128 × 2,142 + 1. Kukitafuta kutoka mwanzo ni orodha ndefu, lakini kukithibitisha ni mistari miwili. 2³² ukiigawa kwa 274,177 inabakiza 258,768, yaani kasoro 15,409. Sasa 15,409 × 15,409 = 237,437,281, na 274,177 × 866 = 237,437,282. Kasoro moja. Ongeza moja, inagawanyika.

Kigawo cha pili ni 67,280,421,310,721, na bado hatujakithibitisha kuwa ni tasa. Kwa kanuni ya 128 zipo namba zaidi ya 64,000 za kuchuja kabla ya kufika kwenye kipeuo chake. Mwaka 1878 Lucas, Mfaransa mwingine, alionyesha kwamba badala ya 128 unaweza kutumia 256, na orodha inabaki nusu. Hatujaitumia kwa sababu hatujaweza kuelezana kwa nini. Mpwa wangu ameanza kuandika safu za 17 upya, akitafuta ni namba gani ikizidishwa kwa yenyewe inabakiza 2. Amepata 6, maana 36 ni 17 mara mbili na 2. Tunaanzia hapo Jumamosi ijayo.